Alichokijua Mkono wa Hamdun

Hamdun hakuwa na mashua wala sehemu katika mashua ya mtu. Hakuwa na minazi. Baba hakuwa naye, na ndugu yake wa pekee alikwenda mjini Amu kutafuta kazi ya ukuli, asirudi wala asilete salamu. Jino moja la mbele hakuwa nalo. Haya tuliyazoea, maana wengi wetu pale kijijini kwetu Mbwajumali tulikuwa hatuna vilevile. Lakini tangu mwaka ule wa 1965 alipopigwa kichwani, Hamdun hakuwa na kikombe. Kikombe kilikuwepo mbele yake juu ya mkeka, kina chai, naye ana kiu, na macho yake ni mazima. Angekueleza kuwa anaona kitu cheupe, kina shimo juu na sikio ubavuni. Ila kikombe hakukiona. Hakuwa na kisu, hakuwa na kandili, hakuwa na kiatu. Vitu vyote vya dunia vilimbakia maumbo matupu.

Alichokuwa nacho ni mke wake Swafiya na binti yao Hindu, mtoto mdogo mwenye maneno mengi. Na alitaka jambo moja tu: aachwe akae nao nyumbani kwake.

Nitaeleza alivyopigwa, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa waliomwokota.

Tulikuwa wakata boriti. Tukivuka kwenda bara, tukipiga kambi kando ya vijito vya mikoko, kambi mbalimbali, na kila kambi na watu wake. Mwaka ule washifta, wale waasi wa mpakani, walikuwa wakishuka mpaka ufukweni, lakini boriti zilikuwa na bei, na tuliambiana kwamba watu wenye bunduki hawana haja na watu wenye matope. Walifika kambi ya kina Hamdun asubuhi, chai ikichemka. Abdulqadir, aliyekuwa mpishi, alisimama kuwakaribisha, wakampiga risasi ya tumbo. Aliangukia moto na sufuria ikammwagikia. Alikufa huku akiomba maji, naye amelowa chai. Wengine walikimbilia mikokoni, wakakwama matopeni hadi magotini, wakapigwa risasi mmoja mmoja bila haraka.

Hamdun hakukimbia. Alikuwa na shoka mkononi, akampiga nalo mtu wa kwanza aliyemkaribia, likaingia begani na kukaa humo. Akawa anavuta shoka, nalo halitoki. Mtu wa pili akamjia na bunduki iliyokwisha risasi, ameigeuza, kitako juu. Pigo la kwanza lilimpata nyuma ya kichwa. La pili lilipokuwa linashuka Hamdun aliinua mkono akakamata kitako chenyewe, ule mti laini uliopakwa mafuta, wakavutana. Alishindwa. Alipigwa papo hapo, mahali pamoja, mpaka yule mtu akachoka.

Tulipofika alikuwa amelala na wafu, nzi wameshamjaa. Nilimshika mguu ili nimpange na wenzake, naye akanipiga teke.

Alitibiwa Amu mpaka kidonda kikafunga. Nyuma ya kichwa kilibaki kibonde ambacho ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Alirudi nyumbani anatembea, anasema, anasali, anatujua sote kwa sauti na kwa mwendo. Tulishukuru Mungu. Kisha Swafiya akamwandalia chai na mkate, naye akachukua sabuni iliyokuwa karibu na birika akaiuma.

Watoto walicheka kwanza. Halafu alionekana akijaribu kuvaa kikapu mguuni, na siku nyingine alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake akiuliza ubao huu mkubwa umewekwa hapa kwa nini. Hapo watu waliacha kucheka. Wengine walisema ni shetani aliyemfuata kutoka mikokoni. Shemeji yake Fadhil, kaka wa Swafiya, hakusema shetani. Yeye alikuwa mtu wa maneno mafupi, mpenda watu wake, mwenye mikono mikubwa.

"Ndugu yangu hakai na mwendawazimu," alisema barazani, Hamdun mwenyewe akisikia. "Leo ameuma sabuni. Kesho atamwona mwana ni nini? Kuni?"

"Mwanangu namjua," alisema Hamdun.

"Wamjua akisema. Akilala je?"

Fadhil akasogea, akasema kwa upole, "Mpe talaka, shemeji. Sitaki ugomvi nawe. Tutakulisha sisi."

"Fadhil, talaka ni kitu siwezi kukiona wala kukishika. Basi sina cha kukupa."

Watu walicheka, Fadhil naye akacheka, lakini hakuacha. Kila Ijumaa baada ya sala alirudia maneno yale, na kila Ijumaa wazee walimsikiliza zaidi.

Aliyemsaidia Hamdun ni Fanuel, mganga wa zahanati, mtu wa bara kutoka pande za ziwa, Mkristo, ambaye kwetu alijifunza kula pweza na kulalamika juu ya jua. Alikuja kwa miguu, viatu amevibeba mkononi kwa ajili ya mchanga. Akatandika kitambaa juu ya mkeka, akapanga vitu vilivyokuwa karibu.

"Hiki ni nini, Bwana Hamdun?"

Hamdun aliinama. "Kirefu. Kina meno upande mmoja."

"Kazi yake?"

"Siyui. Huenda ni samaki aliyeliwa, akabaki miba."

Swafiya alicheka, akajiziba mdomo kwa leso.

"Usikitazame. Fumba macho, kishike."

Kidole kilipogusa yale meno tu, uso wa Hamdun ukafunguka. "Chanuo," alisema. "La mama Hindu. Hapa limekatika, alimpiga nalo paka."

Kila kitu kikawa hivyo. Ufunguo kwa macho ulikuwa chuma chenye kichwa, mkononi ukawa ufunguo wa sanduku la Swafiya. Bakuli kwa macho lilikuwa nusu ya mwezi, mkononi likawa bakuli, akaligeuza akataja duka lilikonunuliwa. Hindu alitaka kujaribiwa na yeye, akafumba macho, akapewa kijiko, akasema ni ng'ombe.

Fanuel alieleza kadiri alivyojua, na alisema wazi kwamba hajui sana. Alisema sisi tunadhani kikombe kimewekwa kichwani mahali pamoja, kama kinavyowekwa kabatini. Sivyo. Umbo lake liko upande mmoja, jina lake upande mwingine, na namna ya kukishika na kukipeleka mdomoni iko kwingine kabisa, karibu na zinakotoka amri za mkono. Maana ya kikombe ni vyote hivyo vikiitana kwa pamoja. Mtu mzima akikiona, vinaitana upesi hata hajui kuwa vilikuwa mbalimbali. Kitako cha bunduki kimekata njia inayotoka machoni. Inayotoka mkononi ingalipo.

"Kwa hiyo, daktari," alisema Fadhil, aliyekuwa amesimama mlangoni, "ndugu yangu ameolewa na mkono."

"Mimi si daktari, bwana. Na wanawake wengi wameolewa na vibaya zaidi ya hapo."

Tangu hapo Hamdun aliishi kwa kupapasa. Ukimtembelea ulimkuta anapitisha viganja juu ya kila kitu, kama mtu anayeosha meza, akitaja majina kwa sauti ya chini. Alirudi kufuma nyavu za watu, akifumba macho ili yasimchanganye. Alianza kuleta chakula nyumbani. Swafiya alinenepa kidogo. Sisi tuliona mambo yamekwisha, ila Fadhil hakuona hivyo, akangoja siku ya kuonyesha watu kwamba shemeji yake si mzima.

Siku hiyo ilikuwa arusi ya mpwa wangu, alasiri, kiwanjani mbele ya msikiti mdogo. Ngoma ilikuwa kirumbizi. Asiyeijua nitamweleza: zumari inalia, wanaume wamezunguka duara, na wawili wanaingia katikati na fimbo. Wanazungukana, wanakingiana, wanarushiana, lakini pigo husimamishwa. Aliye hodari huipeleka fimbo yake mpaka kichwani kwa mwenzake akaigusisha tu, kwa wepesi, kisha aliyeguswa hupiga goti na watu hucheka. Pale kwetu, kabla ya kuanza, wawili hao hugonganisha fimbo na kuombana msamaha kwa sauti. Kwa sababu hiyo jeraha la ngoma halishtakiwi kwa mtu yeyote. Limesamehewa kabla ya kutokea.

Zamani Hamdun ndiye aliyekuwa bingwa. Fadhil alijua hilo. Aliingia duarani, akanyoosha fimbo ya pili kuelekea alikokaa shemeji yake, akimwita aje wacheze.

"Shemeji, ndoo. Mbele ya wazee hawa. Ukiteza kama mtu mzima, maneno ya talaka nimeyazika. Ukishindwa, uniate nimchukue ndugu yangu."

Zumari ilinyamaza. Wazee walitazamana, kisha mmoja akasema ni haki. Nami nilisema ni haki. Tuliona kwamba anayejua kucheza fimbo anajua fimbo ni ya nini. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, sote. Hatukumuuliza Fanuel, kwa kuwa tulimwona ni mtu wa bara, naye angejua nini juu ya kirumbizi.

Hamdun alisimama. Aliitazama fimbo iliyonyooshwa, akaniuliza pembeni, "Ni nini kile, mti au nyoka?"

"Kishike," nilimwambia.

Alikishika. Niliona mgongo wake ukinyooka. Waligonganisha fimbo. "Nisamehe," alisema Fadhil. "Nimekusamehe, nisamehe nawe," alisema Hamdun, na zumari ikaanza.

Sijapata kuona mchezo kama ule. Hakuwa akiitazama fimbo ya Fadhil, aliyatazama mabega yake, na fimbo zilipokutana mkono wake ulijua kwa mgongano ule pigo jingine litatoka wapi. Alimzungusha. Alimgusa kifundo cha mguu, alimgusa kiuno, akarudi nyuma akitabasamu na pengo lake. Wanawake walipiga vigelegele nyuma ya ukuta, na nilisikia sauti ya Swafiya kati yao. Fadhil alikuwa akitoka jasho, naye alianza kucheka. Nasema kweli mbele ya Mungu, alikuwa ameshashindwa na amefurahi kushindwa. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alifanya anachofanya mchezaji yeyote anayetaka kuokoa heshima kidogo: alizunguka kwa haraka, akapita nyuma, akaipeleka fimbo kichwani kwa Hamdun na kuigusisha pale kwenye kibonde, kwa wepesi kabisa, kama anayebisha hodi.

Hamdun hakupiga goti.

Aligeuka na fimbo yake ikampata Fadhil kwenye taya. Tulisikia mfupa. Fadhil aliinua mikono, bado uso wake una kicheko kisichojua kwamba kimepitwa, na fimbo ya pili ikavunja vidole vilivyoinuliwa. Ya tatu ilimpata juu ya sikio akaanguka. Hamdun akasimama juu yake, miguu amepanua, mikono yote miwili imeshika mti ule, akawa anapiga mahali pamoja. Alipiga kama mtu anayepasua kuni, bila hasira usoni, anapumua kwa kipimo. Tulimrukia. Mpiga zumari alipigwa kiwiko akapoteza meno. Mimi nilimshika kiunoni, akanitupa. Damu ilinirukia mdomoni, nayo ni ya Fadhil. Hakuna aliyemzuia. Kilichomzuia ni fimbo yenyewe, iliyokatika, na kipande alichobaki nacho kikamponyoka kwa utelezi.

Mkono ulipokuwa mtupu alisimama. Aliyatazama yaliyokuwa mchangani, kichwa ameinamisha upande, kama alivyolitazama chanuo.

"Ni nini hiki kilicholala hapa?" aliuliza.

Alipiga magoti akanyoosha viganja, akaanza kupapasa kuanzia mguuni. Akapita kanzu, akapita mkanda, akafika shingoni. Huko juu mkono ulitangatanga, haukupata umbo la kulitaja. Halafu ukagusa sikio lililobaki, na ndevu.

"Fadhil," alisema.

Alifika Koplo Kariuki kutoka kituo cha polisi cha Faza na askari wawili. Alikuwa Mkikuyu, mtu mzito, asiyependa kelele, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Aliwakuta wazee wameshakubaliana. Ni ngoma, walisema. Waliombana msamaha, sote tulisikia. Kariuki akamtaka mama wa marehemu, Bi Mwanamkisi, naye akaletwa amejifunika, akakaa nyuma ya pazia.

"Mama, mimi nimeona maiti," alisema Kariuki. "Huo si mchezo."

"Mwanangu alimwita mwenyewe. Akamsamehe kwa mdomo wake. Sivunji neno la mwanangu."

"Na huyu mkwe wako unamtaka arudi kwa binti yako?"

"Hilo muulize yeye. Mimi nimeshazaa, nimeshazika. Sina la kuongeza."

Swafiya aliulizwa. Alisema, "Mume wangu hakuua. Aliyeua ni yule wa mikokoni." Kariuki alimtazama kama anayetaka kuuliza zaidi, akaacha.

Kabla ya kuondoka alizungumza na Fanuel kando, nasi tulijua walichozungumza kwa sababu Fanuel alikuja kutuambia. Koplo yuko tayari kuandika kwamba ni ajali ya ngoma. Lakini anataka maneno ya mganga. Fanuel akiandika kuwa Hamdun ana akili timamu na ilikuwa ajali, faili limefungwa, atakaa nyumbani kwake. Akiandika kuwa ni mgonjwa wa hatari, atachukuliwa mpaka Nairobi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili yenye kufuli, na kutoka huko ni nadra mtu kurudi.

"Utaandikaje?" nilimuuliza.

"Sijui. Fimbo mkononi alikuwa anacheza vizuri, si ndiyo? Ni lile guso. Huenda lilikutana na lile pigo la kule bara, mkono ukachagua maana ile." Alijifuta uso. "Lakini ni nani atamgusa tena pale? Nitaandika ajali."

Alisema atamaliza kuandika kesho yake.

Kesho yake mchana, Swafiya alikuwa uani akitwanga mtama. Alichoka, na Hamdun akamwambia ampe mchi amsaidie. Watu wangemcheka, lakini uani hapakuwa na watu. Alipapasa kinu, akapapasa mchi, akataja majina yake, akaanza kutwanga na macho amefumba. Swafiya akakaa kupepeta. Alinieleza baadaye kwamba hiyo ndiyo saa aliyoona kwamba huenda wataishi.

Watoto wote wa Mbwajumali wakicheza kirumbizi kwa mabua. Hindu alikuwa na lake. Alipanda juu ya kigoda nyuma ya baba yake, akasema, "Nisamehe, baba," kama alivyowasikia wakubwa, akaligusisha bua kichwani pake.

Swafiya aliona mabega ya mumewe yakibadilika. Hakuita, maana hapakuwa na muda wa kuita. Alijirusha juu ya mtoto, mchi ukamshukia mkononi, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Pigo la pili lilimpata begani. La tatu lilipiga ukingo wa kinu na kuupasua, na kwa kishindo kile mchi ukasita kidogo. Swafiya aliukamata kwa mkono mzima, akaning'inia kwa uzito wake wote, akiburutwa huku na huku juu ya mtama uliomwagika, mtoto yuko chini ya tumbo lake. Aliuma vidole vya mumewe. Aliviuma mpaka akaonja damu, na mchi ukaanguka.

Nilifika kwa kusikia mtoto analia. Hamdun alikuwa amepiga magoti, viganja vyake viko juu ya mke wake, anauliza, "Nini hiki? Mama Hindu, nini hiki kigumu kinachotoka?"

"Mkono wangu," alisema Swafiya.

Alinitaka nimfunge, naye Hamdun ndiye aliyesema hivyo, si mtu mwingine. Lakini kabla ya kamba aliomba karatasi na kalamu. Nilimpa. Aliitazama kalamu bila kuijua, akaishika, akaijua. Alifumba macho akaandika kwa hati ya Kiarabu, ile tuliyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo, mistari iliyonyooka, bila kusita. Alipomaliza alifumbua macho, akaitazama karatasi kwa muda.

"Nimeandika?" aliuliza.

"Umeandika."

"Naona siafu tu. Mpe mke wangu ampelekee mganga." Akanyoosha mikono nimfunge, nikamfunga kwenye nguzo ya chumba cha ndani, kwa kamba niliyoiviringia kitambaa.

Fanuel alikuja na mbao na bandeji, ameambiwa tu kwamba kuna mkono uliovunjika. Alimfunga Swafiya mkono, akimwomba radhi kila alipouvuta, naye hakulia. Kisha akatoa karatasi ya serikali na kalamu ya wino. Koplo Kariuki hakuijua hati ya Kiarabu, na Fanuel mwenyewe hakujua hata alifu. Ikabidi Swafiya asome na Fanuel aandike kwa herufi za Kizungu. Walikuwa wawili tu sebuleni, na mtoto amelala. Mumewe alikuwa ndani nyuma ya mlango, na hata angeletwa asingeweza kusoma alichoandika kwa mkono wake. Swafiya alijua hayo. Aliniambia, miaka mingi baadaye, kwamba aliishika karatasi ile akafahamu kwamba maisha ya mumewe yamo mdomoni mwake. Angeweza kusoma: naomba msamaha, ilikuwa ajali. Fanuel angeandika hivyo, na hiyo ndiyo nia aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Mkono wake ungepona. Mwenye kujua ya uani ni mimi tu, nami angeniomba ninyamaze.

"Inasemaje, Bi Swafiya?"

Chini ya bandeji mfupa ulikuwa ukipiga. Alimtazama Hindu, aliyelala na bua mkononi, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya.

Akasoma. "Kwa Koplo Kariuki, baada ya salamu. Mimi Hamdun bin Omari nimemuua shemeji yangu Fadhil. Wazee wamesema ni mchezo. Mkono wangu haukucheza. Leo umempiga mke wangu na ulikuwa unamtafuta mwanangu. Kila kitu nakijua nikishakishika, na nikishakishika nimechelewa. Njooni mnichukue mnipeleke mnakopeleka watu kama mimi. Nikilia nirudishwe, msinirudishe."

Kalamu ya Fanuel ilikuwa ikikwaruza. Aliandika polepole, akafika mwisho, akainua kichwa.

Kwenye karatasi ulikuwa umebaki mstari mmoja. Hamdun aliandika kwamba tangu siku hiyo Swafiya binti Athumani si mke wake, amemwacha talaka moja, aolewe na mtu mwenye macho.

"Kuna lingine?" aliuliza Fanuel.

"Liko," alisema Swafiya. "Andika. Askari watakaokuja wasije na virungu. Wakiwa navyo waviache huku nje. Asiguswe kichwani na mtu yeyote, hata kwa wema. Na huko Nairobi wawaambie walinzi. Mkewe ndiye anayeomba."

Fanuel aliandika. Alipomaliza aliitazama ile karatasi ya Kiarabu mkononi mwake, akahesabu mistari kwa macho, nadhani, maana alikuwa mtu wa kuangalia. Hakuuliza kitu. Swafiya aliikunja kwa meno na mkono mmoja, akaitia kifuani.

Bahasha ilikuwa imeharibika gundi kwa unyevu. Swafiya akamwambia kuna uji wa unga chunguni. Fanuel alichovya kidole, akapaka ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja juu ya goti lake mpaka ukashika. Akaandika jina la Koplo juu yake, akatoka nje alikokuwa akingoja Barka, mwenye punda, ambaye alikuwa anakwenda Faza na magunia ya nazi. Barka aliitia bahasha ndani ya kofia yake, akaivaa kofia, akampiga punda kwa kiganja, akaenda zake.